Mzee ameanza kusahau, msimstaafishe

Katika familia nyingi za huku kwetu, usahaulifu wa mzee hupita hatua mbili. Ya kwanza huchukua miaka. Mama anauliza swali lile lile mara tatu kabla chakula hakijaiva, baba anapotea njia akirudi kutoka mazishini kijiji cha pili, hesabu za VICOBA ambazo mtu alikuwa akizishika kichwani zinaanza kumkimbia, na kila anayeona anasema ni uzee tu. Hatua ya pili huja kwa usiku mmoja. Sufuria ikiungua, au pesa za korosho zikikosekana zilipo, watoto wanapigiana simu, na kabla wiki haijaisha mzee ameshanyang'anywa jiko, simu, ufunguo wa stoo, kadi ya benki na sauti yake kwenye kikao cha ukoo. Hawana nia mbaya, wanasema wanampumzisha. Hoja yangu ni kwamba hayo yanayoonekana kuwa makosa mawili ni kosa moja. Yote yanatoka kwenye imani kwamba akili ya mzee ama ipo nzima ama imekwisha. Kipindi kilicho katikati, ambacho kinaweza kuwa cha miaka mingi, hakina jina wala nafasi katika mipango yetu, si ya nyumbani wala ya serikali, na ndicho kipindi ambacho msaada mdogo huzaa matunda makubwa.

Madaktari hukigawa kipindi hicho sehemu mbili. Kwanza kuna udhaifu mdogo wa utambuzi: mtu anasahau, au anachelewa kupata maneno, kuliko wenzake wa rika lake, na vipimo vinaonyesha hivyo, lakini bado anaendesha maisha yake mwenyewe. Anakwenda sokoni, anapika, anajua nani anamdai. Pili kuna demensia changa, ambapo baadhi ya shughuli za kila siku zimeanza kumshinda asipopata mtu wa kumshika mkono. Mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na American Academy of Neurology ulikadiria kwamba udhaifu huo mdogo unawapata watu wapatao 7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 60 hadi 64, na karibu 25 katika kila 100 wakifika miaka 80 hadi 84. Miongoni mwa wenye udhaifu huo waliovuka miaka 65, waliofuatiliwa kwa miaka miwili, takriban 15 katika kila 100 waliingia kwenye demensia. Hesabu hiyo inatisha ikisomwa nusu. Isomwe na nusu ya pili: 85 hawakuingia katika muda huo, na baadhi yao walipopimwa tena walikutwa wamerudi katika hali ya kawaida. Kwa hiyo anayemwona mzazi wake akisahau, akaanza kumwomboleza akiwa hai, anamzika mtu ambaye huenda ana miaka mingi mizuri mbele yake.

Anayesema ni uzee tu hajakosea moja kwa moja. Uzee hupunguza kasi ya akili, na jina la mjukuu wa tano likichelewa kuja mdomoni si ugonjwa. Lakini uzee pekee haumfanyi mfanyabiashara ashindwe kuhesabu chenji aliyoihesabu kwa miaka hamsini, wala haumfanyi mtu apotee katika mtaa alikojenga. Hapo kuna sababu, na sababu nyingine zinatibika. Tezi ya shingo ikifanya kazi kwa ulegevu, akili inalegea nayo. Upungufu wa vitamini B12, sonona, pombe, kaswende ya muda mrefu, VVU, damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka bafuni, dawa za usingizi na baadhi ya dawa za mzio ambazo mzee hununua duka la dawa bila cheti: vyote hivyo huweza kujivika sura ya demensia. Kuna pia mzee ambaye hasahau hata kidogo, ila hakusikia alichoambiwa, kwa kuwa masikio yamepungua nguvu na familia haijawahi kuyapima. Anayeachwa nyumbani kwa hoja ya uzee anaweza kuwa anaumwa kitu ambacho vidonge vya bei nafuu vingekiondoa.

Hata pale ambapo chanzo hakiondoki, bado kuna la kufanya. Jopo la wataalamu la jarida la The Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na kukadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuepuka ugonjwa au kuuchelewesha. Ukiisoma orodha yenyewe utaona haina ugeni kwetu: shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, ulevi, kukaa bila kutembea, upweke, moshi na hewa chafu, kutosikia, kutoona vizuri, elimu ndogo ya utotoni na kadhalika. Tuchukue presha peke yake. Watafiti waliowapima wazee wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wenye miaka 70 na kuendelea, walikuta takriban 70 katika kila 100 wana presha ya juu. Kwa upande mwingine, utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watu ambao namba yao ya juu ya presha ililengwa kushushwa chini ya 120 walipata udhaifu mdogo wa utambuzi kwa asilimia 19 pungufu kuliko wale waliolengwa chini ya 140. Kwa demensia yenyewe tofauti haikuthibitika, na ni vizuri kulisema hilo. Ila kinga ya udhaifu mdogo si kitu kidogo, na vidonge vya presha, tofauti na dawa nyingi zinazotangazwa kwa ajili ya ubongo, vipo Moshi, vipo Mtwara, vipo Kisumu.

Huko huko Hai ndiko tulikopata jibu la wanaodhani demensia ni ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha karibu wazee 1,200 wenye miaka 70 na zaidi, ulikuta kiwango cha demensia cha asilimia 6.4 baada ya kusawazisha umri, ambacho hakitofautiani sana na kile cha nchi tajiri. Tulichokosa ni macho ya kuwaona, maana wagonjwa walikuwepo. Na makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema kwamba idadi ya wanaoishi na demensia katika ukanda wa mashariki mwa Afrika itakuwa zaidi ya mara nne ifikapo mwaka 2050, hasa kwa sababu watu wetu wanaishi muda mrefu zaidi. Sehemu ya tatizo la kutowaona ni vipimo: vile vya kawaida vya kumbukumbu vilivyotungwa nchi tajiri vinamtaka mtu aandike sentensi, achore saa, asome maelekezo. Kwa bibi ambaye hakupelekwa shule, kipimo hicho kinapima umaskini wa mwaka 1950, si ubongo wake. Ndiyo maana kundi la watafiti wa Tanzania, Nigeria na Uingereza lilitengeneza kipimo kinachoitwa IDEA. Mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno. Hahitaji kalamu. Muuguzi wa zahanati anaweza kufundishwa kukitumia, na kikionyesha kasoro ndipo mgonjwa apande ngazi kwenda kwa daktari. Katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, wahudumu wa afya wa jamii nao wamefundishwa kuwachunguza wazee kwa maswali mafupi. Kwa hiyo ule usemi kwamba hatuna vyombo umeshapitwa na wakati.

Sasa tuje kwenye kunyang'anya, maana hapo ndipo wengi wenye huruma wanaponipinga. Muaustralia Kate Swaffer aligunduliwa kuwa na demensia mwaka 2008, akiwa hajafikisha miaka 50. Ushauri aliopewa ulikuwa aache kazi, aache masomo, arudi nyumbani akajiandae. Swaffer aliuona ushauri ule kama dawa ya kumtenga na maisha iliyoandikwa na daktari, akaikataa, akaendelea na chuo, na mwaka 2014 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Dementia Alliance International, chama ambacho wanachama wake ni wenye ugonjwa wenyewe. Utasema huyo ni mtu mmoja, tena msomi wa nchi tajiri, na utakuwa na haki. Basi tuuangalie utafiti wa IDEAL wa Uingereza, ulioongozwa na Profesa Linda Clare. Zaidi ya watu 1,500 wenye demensia, wengi wao wa hatua za mwanzo, walieleza wanavyoyaona maisha yao. Lililoambatana zaidi na kujiona unaishi vizuri lilikuwa hali ya moyo: kama mtu ana sonona au hana, kama ni mpweke, kama anajiona bado ana thamani. Yalifuata mengine, yakiwemo afya ya mwili na mahusiano na watu. Ukubwa wa usahaulifu wenyewe ulikuwa na uzito mdogo kuliko ambavyo wengi wetu tungedhani. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kipi kimeleta kipi. Lakini unatosha kututia mashaka tunapoamini kwamba mzee aliyeondolewa kila jukumu, akawekewa kiti barazani na redio pembeni, ametendewa wema.

Msaada unaofaa si lazima uwe wa hospitali kubwa. Hai hiyo hiyo ilijaribu tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, iliyotungwa Uingereza na kurekebishwa ili iwafae wazee wa vijijini wasiojua kusoma na wenye macho hafifu. Wazee walikutana mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, wakazungumza, wakaimba, wakatambua vitu, wakakumbushana mambo ya zamani na ya juzi, chini ya mwongozaji aliyefundishwa. Washiriki 34 walifuatiliwa. Uwezo wa akili uliongezeka, hofu na usumbufu wa tabia vikapungua, na upande wa mwili wa ubora wa maisha yao ukapanda. Ni idadi ndogo, na jaribio moja halitoshi kuandikia sera. Hata hivyo linalingana na majaribio makubwa zaidi yaliyofanyika kwingine kwa tiba hiyo hiyo. Ni haki pia kueleza yaliyoshindikana. Jaribio moja la Uingereza la vikundi vya kuwafundisha watu namna ya kuishi na demensia halikuonyesha faida iliyotarajiwa. Jingine la huko, lililohusisha watu 475, lilifuata njia tofauti: mtaalamu alimuuliza kila mmoja ni mambo gani machache anayotaka kuendelea kuyafanya, kisha wakatafuta mbinu pamoja. Alama za jumla za ubora wa maisha hazikusogea, lakini katika mambo waliyoyachagua wenyewe waliosaidiwa waliwaacha mbali wenzao. Ninavyoyasoma matokeo haya, mahubiri ya jumla kuhusu kuishi vizuri hayamsaidii mtu. Kinachomsaidia ni kuulizwa anataka nini kisitoke mikononi mwake, na kusaidiwa kukishika.

Hilo nyumbani lina sura gani? Mama aliyekuwa akipika pilau ya watu hamsini huenda ameanza kusahau kipi kinatangulia, kitunguu au bizari. Kumtoa jikoni ni rahisi. Kupanga viungo kwenye sinia kwa utaratibu wake, mjukuu akasimama karibu, mama akaendelea kukoroga na kuonja na kuamrisha, kunachukua muda zaidi, na ndiko kunakombakiza mama wa nyumba ile. Mzee anayesalisha au anayeongoza jumuiya kanisani anaweza kuwa amesahau mkutano wa jana, lakini sura na sala alizozishika tangu utotoni hubaki imara kwa muda mrefu. Mwenziwe mmoja akae karibu kumkumbusha anapokwama. Anayecheza bao aachwe acheze, hata akianza kufungwa na vijana. Lakini kazi iwe ya kweli. Wazee wanajua upesi wanapopewa kazi ya kuigiza, kama mtoto anayepewa ufagio ili asisumbue, na dharau hiyo huuma kuliko kukosa kazi.

Wanaopinga watasema: na moto je? Na pesa? Pingamizi hili ni zito, na sitalipita kwa maneno matamu. Kuna mambo ambayo lazima yaachwe, na mapema: usukani wa gari au bodaboda mtu anapoanza kuchelewa kuona hatari, kukwea mnazi, kumwaga dawa za kuulia wadudu shambani bila mtu wa kupima kipimo. Kosa letu ni kuyafanya mengine yote yafuate mkumbo huo. Jiko la gesi linaweza kufunguliwa saa za watu kuwapo na mtungi ukafungwa saa nyingine. Dawa zinaweza kuwekwa kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku za wiki, akazimeza mwenyewe huku mtu akikagua jioni. Pesa ndiyo hatari kubwa zaidi siku hizi, kwa sababu wezi wamehamia kwenye simu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewanasa hata wenye akili kali, sembuse mzee anayehangaika kukumbuka kama kweli aliahidi hela. Lakini jibu si kumpokonya simu, ambayo pia ndiyo njia yake ya kuwasikia wanawe walioko mbali. Laini yake iwe na kiasi kidogo cha matumizi ya wiki, akiba kubwa ihamie kwenye akaunti inayohitaji sahihi mbili, na mmoja wa watoto awe mtu wa kupigiwa kabla ya kutuma. Mzee akipoteza elfu ishirini katika utaratibu huo, familia imelipia uhuru wake kwa bei ambayo wengi tunalipa kwa mambo ya kipuuzi zaidi.

Pingamizi la pili linahusu ukweli. Watoto wengi humwomba daktari asimwambie mzazi wao, wakihofia atavunjika moyo. Kwanza, yeye ndiye wa kwanza kujua. Mtu anayeficha usahaulifu wake kwa utani, anayeacha kwenda vikaoni ili asiulize swali mara mbili, ameshajua kuna jambo. Asichojua ni jina lake, na anaweza kuwa amejipa jina baya zaidi, la wazimu au la kulogwa. Pili, kuna maamuzi ambayo ni yeye tu awezaye kuyafanya, na mlango wa kuyafanya hufungwa. Wosia unahitaji mwenye akili timamu siku ya kuuandika. Hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia mali nayo inampasa anayeitoa awe anaelewa anachotoa. Tukimficha miaka mitatu kwa jina la huruma, tunafika mahali ambapo hawezi tena kusema shamba liende kwa nani, na hapo ndipo dole gumba lake linapochukuliwa usiku na kugandamizwa kwenye karatasi ya mauzo mbele ya mashahidi wa kukodi. Mabaraza ya ardhi yanazijua kesi za namna hiyo. Si kila mtu anataka kuambiwa kila kitu, na daktari mzuri huanza kwa kumuuliza mzee mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Haki hiyo ya kuchagua ni yake, watoto hawana mamlaka ya kumchagulia.

Kuna wanaoniambia kwamba kumpa mzee jina la ugonjwa wa akili ni kumweka hatarini. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yaliyokaangwa na moshi wa jikoni yakatosha kuwa ushahidi. Kilifi nchini Kenya, upande wa pili wa mpaka, wazee wamepitia hayo hayo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Hofu hiyo si ya kubeza. Ila tujiulize ni kipi kinachomlinda zaidi bibi anayetoka nje usiku wa manane na kuzungumza peke yake: kijiji kisichojua kwa nini, au kijiji ambacho mwenyekiti, imamu, mchungaji na mhudumu wa afya wameelezwa kwamba ana ugonjwa wa ubongo na yuko kliniki? Ukimya umeshajaribiwa kwa miongo mingi na haukuwaokoa.

Na wapo wanaojivunia kwamba sisi Waafrika tunawatunza wazee wetu, hatuhitaji vikundi wala kliniki za kumbukumbu. Kuna ukweli ndani yake ambao nchi tajiri zinauonea wivu. Lakini tuseme wazi nani anayetunza. Mara nyingi ni binti mmoja, au mkamwana, aliyeacha biashara yake ya vitenge akarudi kijijini, huku kaka zake wakituma pesa siku wanazokumbuka na maelekezo kila siku. Anatunza bila kufundishwa, bila kupumzika, na bila kujua kwamba mzee akimtuhumu wizi ni ugonjwa unaosema. Nchini Kenya, Elizabeth Mutunga, aliyepitia malezi ya baba yake mwenye ugonjwa huu, alianzisha Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, na moja ya kazi zake ni kuwakutanisha walezi wakafundishana na kuliana. Undugu wetu ni mtaji mkubwa, lakini mtaji usiowekewa kitu huisha, na anayeumalizia ni mwanamke asiye na mshahara. Kumwanzia mapema mgonjwa ni kumwanzia mapema na mlezi, kabla hajachoka.

Limebaki pingamizi la fedha, ambalo viongozi hulipenda kwa sababu hufunga mjadala. Nchi yenye malaria na vifo vya wajawazito itawezaje kuhangaikia usahaulifu? Ingekuwa ninadai dawa mpya, ningenyamaza. Lecanemab, iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023, ilitangazwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Inahitaji vipimo vya ubongo vya mara kwa mara kwa sababu inaweza kuleta uvimbe na kuvuja damu kichwani, na faida yake katika utafiti wa miezi 18 ilikuwa kupunguza kasi ya kudhoofika kwa takriban asilimia 27, tofauti ambayo familia nyingi zisingeiona kwa macho. Wenye uwezo waende nayo wakishauriana na daktari wao. Kwa udhaifu mdogo wa utambuzi, ule mwongozo wa Marekani wa 2018 haukupendekeza dawa yoyote. Ulipendekeza mazoezi ya mwili mara mbili kwa wiki. Ninachodai mimi ni njiti za kiberiti, mashine ya presha, kipimo cha sukari na cha tezi, mtu wa kupima masikio na macho, na kikundi kinachokutana chini ya mwembe au kwenye ukumbi wa kata.

Na sehemu ya kuviweka ipo. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee, ambako waliofikisha miaka 60 na wasio na uwezo wanapaswa kutibiwa bila malipo. Zanzibar imewalipa pensheni wazee wa miaka 70 na kuendelea tangu mwaka 2016, kwa hiyo kuna njia ambayo serikali tayari huwafikia wazee. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3 wenye miaka 60 na kuendelea nchini Tanzania. Wengi wao wakifika dirishani huandikiwa dawa ya maumivu ya magoti, wakaondoka bila kuulizwa swali hata moja kuhusu kumbukumbu. Wizara ya Afya inaweza kuamuru swali hilo liulizwe, kipimo cha IDEA kiwekwe kwenye mafunzo ya wauguzi na wahudumu wa jamii, na kila wilaya ianze na kikundi kimoja cha kuchangamsha akili. Hakuna lolote hapo linalosubiri mfadhili.

Kwa msomaji mwenye mzazi aliyeanza kurudia maswali: mpeleke kituo cha afya mwezi huu, ukiwa na dawa zote anazomeza zikiwa mfukoni, zikiwemo za kienyeji na zile alizonunua mwenyewe. Omba apimwe presha, sukari, tezi, macho na masikio, na uombe kumbukumbu yake ichunguzwe. Daktari akianza kuongea na wewe kana kwamba mzee hayupo, mgeuzie mzee swali ajibu mwenyewe. Na mkirudi nyumbani, kabla ya kuondoa jambo lolote mikononi mwake, muulize kwanza ni lipi asingependa liondoke.